Toleo la Pili la Dokta

Kwenye kiwanda cha uchapaji walimwita Nukta, na jina hilo likamfuata hadi nyumbani, kiasi kwamba hata mdogo wake wa tumbo moja alimwita Dada Nukta mbele ya wageni. Alikuwa msahihishaji wa prufu, zile nakala za majaribio. Kila kitu kilipita mikononi mwake kabla hakijaingia mashineni. Alikaa kwenye chumba kidogo nyuma ya ghala la karatasi, chumba chenye dirisha lisilofunguka na taa ya mezani iliyofungwa utepe shingoni ili isilale, na humo, kalamu nyekundu mkononi, alishinda akiwinda makosa ya watu. Zamani alisoma vitabu vya shule na riwaya nene. Siku hizi kiwanda kiliishi kwa kalenda, risiti na kadi za harusi, lakini Nukta hakupunguza ukali. Kadi ya harusi aliisoma kama hukumu ya mahakama. Bwana harusi mmoja alikuja kulalamika kwamba kadi zake zimechelewa, akajibiwa kwamba zimechelewa kwa sababu yeye mwenyewe hajui jina la mkwewe linavyoandikwa, na kwamba afadhali aumbuliwe hapa kuliko ukumbini.

Dharau alikuwa nayo kama wengine walivyo na pumu. Ilimbana kila alipokutana na vumbi, na vumbi lake yeye lilikuwa maandishi mabaya. Vibao vya maduka vilimkera. Matangazo ya kwenye simu yalimkera. Na vitabu pepe vilimkera kabla hajafungua hata kimoja. Kitabu, alisema, ni kile ambacho mtu mwingine amekisoma kabla yako akaona aibu kwa niaba ya mwandishi, akamrekebisha. Hivi vya kwenye simu ni mtu kajisemea peke yake bafuni, akaita watu waje kusikiliza.

Na bingwa wa vitabu hivyo, kwa bahati yake mbaya, alikuwa shemeji yake.

Mume wa mdogo wake alikuwa dalali wa nyumba. Mtu mcheshi, ulimi mtamu, mwenye uwezo wa kukuonyesha chumba kinachovuja ukatoka umeshawishika kwamba umeonyeshwa chemchemi. Siku moja aligundua kwamba kitabu pepe hakihitaji kiwanda, wala karatasi, wala mtu wa kukuambia hapana. Kwa mtu wa aina yake, hiyo ilikuwa sawa na kukabidhiwa funguo za mtaa mzima. Akaandika kitabu cha kufuga kuku, naye mwenyewe aliwaogopa kuku. Akaandika cha kuishi vizuri na mke, na mkewe akakisoma saluni kwake huku akicheka, hadi wateja wenye nywele nusu zimesukwa wakaomba wasomewe. Kisha akaanza kuwafundisha wengine. Kwenye matangazo alijiita Dokta wa Vitabu, yaani mtu anayetibu miswada iliyoshindikana. Baadaye akaona jina ni refu, halienei kwenye picha, akalikata. Likabaki Dokta.

"Dokta wa nini?" Nukta alimuuliza mdogo wake.

"Dada, hilo ni jina tu."

"Na muuza nyama akijiita daktari wa upasuaji, litakuwa jina tu?"

Mdogo wake hakujibu. Alikuwa msusi, mtu wa kusikiliza maneno ya watu kuanzia asubuhi hadi jioni bila kuyajibu, na alikuwa ameolewa na mpiga domo huku dada yake akiwa mkosoaji. Kunyamaza kulikuwa kumemtunzia ndoa na udugu kwa wakati mmoja.

Ni yeye aliyemburuta Nukta kwenda kwenye semina. Ilifanyika kwenye ukumbi juu ya duka la vifaa vya ujenzi, viti vya plastiki vimepangwa mistari, harufu ya rangi na saruji ikipanda kupitia ngazini. Waliohudhuria walikuwa watu wa heshima zao: mwalimu mstaafu mwenye mashairi, fundi umeme aliyetaka kuandika maisha yake, mama mmoja mwenye vipimo vya keki, wanafunzi wa chuo. Kila mmoja alikuwa na daftari. Nukta alikaa nyuma kabisa, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kumtambua maiti.

Dokta alipanda jukwaani na suti ya bluu akaanza kumwaga siri. Msomaji, alisema, ana macho kabla hajawa na akili, kwa hiyo anza na jalada. Weka picha ya mtu anayetazama mbali. Kichwa cha kitabu kiwe na namba au ahadi. Sura ziwe fupi, maana msomaji wa siku hizi anasoma akiwa kwenye foleni. Mkishakitoa, waombeni ndugu waandike kwamba kitabu kimebadilisha maisha yao, hata kama bado wako sura ya kwanza. Na kama bado hujulikani, gawa bure. Kitupe kwenye makundi yote ya simu uliyomo, ya ukoo, ya mtaa, ya watu uliosoma nao. "Kitabu cha karatasi kinakaa kabatini," alisema, "lakini kitabu pepe cha bure kina miguu. Ukishakiachia, hata wewe mwenyewe huwezi kukikamata." Watu wakapiga makofi, wakaandika.

Katikati ya upuuzi huo alisema jambo moja la maana, akalipita mbio kana kwamba halikuwa na uzito. Aliwaonyesha jinsi ya kukuza herufi, kwamba mtu ambaye macho yamemchoka anaweza kuzitanua hadi neno moja lijaze kiganja, na akitaka, ukurasa unakuwa mweusi na maandishi meupe. Nukta alilisikia. Hakulifurahia, lakini alilisikia.

Wakati wa maswali alinyoosha mkono, akauliza ni nani anayesoma kitabu hicho kabla hakijatolewa. Dokta akatabasamu kwa ukumbi mzima. Alisema wasomaji wenyewe ndio wasahihishaji, wakiona kosa watasema, na faili linabadilishwa saa hiyohiyo. Akaongeza kwamba aliyeuliza ni shemeji yake, mtaalamu wa teknolojia ya mzee Nuhu. Ukumbi ukacheka. Nukta naye akacheka, kicheko cha kubana pua, na moyoni akaweka kumbukumbu.

Nafasi ya kulipiza haikuchelewa. Dokta alikuwa ameanza kuandika kitabu kipya, cha kuishi na kisukari. Hakukichagua kwa ubaya. Baba mkwe wake, yaani baba yao Nukta, alikuwa na ugonjwa huo, na aliishi nyumbani kwa Dokta na mkewe, kwenye chumba kinachotazama ua. Dokta alimwona mzee akimeza vidonge kila asubuhi, akaona hapo pana kitabu. Akakusanya maneno huku na kule mtandaoni, mengine akayatafsirisha kwa simu, akayashona. Na kwa kuwa safari hii ilikuwa habari ya afya, hata yeye aliingiwa na wasiwasi. Akachapa kwenye karatasi, akambebea Nukta siku ambayo familia ilikutana kwa chakula cha mchana, akamwomba kwa adabu, bila mzaha, amsaidie kupitia.

Nukta alivaa miwani palepale mezani. Akasoma ukurasa wa kwanza, kalamu ikitembea, na kila ilipotua alitoa hewa puani. Sentensi ya kwanza ilikuwa haina kitenzi. Ya pili ilikuwa na vitenzi viwili vinavyogombana. Mgonjwa wa aya ya kwanza alikuwa mwanamume, akafika aya ya tatu akiwa mjamzito. Ukurasa ulipokwisha ulikuwa mwekundu kama umevuja damu. Hakufunua wa pili. Alivua miwani, akamsukumia Dokta karatasi zake mbele ya mke, watoto na mzee.

"Shemeji," alisema, "hiki hakihitaji msahihishaji. Kinahitaji kiberiti."

Watoto walicheka kwa sababu mama yao mkubwa alikuwa akichekesha akikasirika. Dokta naye alijitahidi kucheka. Alizikunja zile karatasi kwa uangalifu, akazitia kwenye bahasha. Mdogo wake Nukta alikwenda kuosha vyombo.

Mzee hakuingilia. Alikuwa mkuu wa kituo cha reli maisha yake yote ya kazi, mtu wa waraka na amri. Treni yake haikuondoka mpaka karatasi iseme iondoke, na karatasi ikisema, haikubaki hata kama mvua inanyesha mawe. Katika kustaafu kwake alikuwa amebakiwa na raha moja, kusoma, na hata hiyo ilikuwa ikimponyoka. Mtoto wa jicho alikuwa ameharibu jicho moja, na la pili lilivumilia herufi za gazeti kwa dakika chache tu, kisha likatoa machozi. Nukta alimletea vitabu kutoka kiwandani kama alivyozoea. Mzee alivipokea, akavishukuru, akavipanga vikiwa vimefungwa kando ya kitanda.

Dokta ndiye aliyemnunulia kishikwambi. Alikaa naye uani asubuhi nzima, akamwonyesha kidole kinavyogusa na herufi zinavyovimba, akamjazia riwaya, historia za vita, safari za baharini. Nukta alipokuja kutembea alimkuta baba yake kwenye kiti chake cha kamba, amenyoosha mkono na kile kitu mbele kama mtu anayejitazama kwenye kioo, midomo ikisogea. Hakumsikia akiingia. Alikuwa anasoma. Nukta alisimama mlangoni, na furaha iliyomjia aliimeza kwa shida, kwa sababu ilikuwa imepitia mkono wa yule mtu. Akasema tu kwamba mwanga wa vitu hivyo unaumiza macho.

"Macho gani?" mzee akajibu, akagusa ukurasa ufunguke.

Miongoni mwa vitabu hivyo kilikuwemo cha kisukari, kwa maana Dokta hakungoja kiberiti. Alirekebisha ule ukurasa wa kwanza kwa kufuata kalamu ya Nukta, alama kwa alama, akaupenda, kisha akakitoa kitabu kama kilivyo. Jalada lilikuwa na mtu anayetazama mbali. Chini yake, kwa herufi kubwa: DOKTA. Alikigawa bure, na kilitembea kweli. Watu ambao hawakuwahi kusoma chochote chake walikirushiana, kwa sababu kila ukoo una mgonjwa wa sukari, na kila mgonjwa ana jamaa anayemtumia mambo.

Mzee alimuuliza binti yake mkubwa kama kitabu cha mkwewe ni kizuri. Nukta alijibu kwamba hajakisoma wala hana nafasi ya kusoma takataka. Mzee alimfahamu mwanawe. Binti huyo alikuwa ameziita takataka hata hotuba za mgeni rasmi siku mzee alipoagwa kazini. Akakisoma mwenyewe.

Mambo yaliharibika polepole, kiasi kwamba hakuna aliyeyaona yakianza. Mzee alikunywa maji sana, wakasema ni joto. Akawa anakwenda msalani mara kwa mara, wakasema ni umri. Akaacha kusoma, akasema anapumzisha jicho. Siku moja mchana msusi alitoka saluni kuja kumwangalia akamkuta ameketi kitini, kishikwambi kimedondoka miguuni, naye anamuuliza treni ya mizigo imefika saa ngapi. Midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi. Alimpigia mumewe, akampigia dada yake, wakakutana hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa msichana mwenye uso wa uchovu na maneno machache. Alisema sukari imepanda vibaya sana, wamemwahi, na kwamba mgonjwa huyu ni dhahiri hajatumia dawa kwa muda. Msusi akabisha, kila asubuhi baba yake hulitoa boksi la dawa. Wakamtuma Dokta nyumbani alilete. Boksi lilikuwa limejaa. Mzee alikuwa akilitoa, akilitazama na kulirudisha, kwa sababu hakutaka kelele za wanawe.

Jioni fahamu zilipomrudia, daktari alimuuliza taratibu ni nani aliyemwambia aache dawa.

"Kitabu," mzee alisema. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kuripoti kamili, akaendelea. "Kilisema mgonjwa akiona nafuu aache, bila kumuuliza daktari. Niliona nafuu. Kwa hiyo sikukuuliza."

Daktari alisema angependa kukutana na aliyekiandika. Dokta alikuwa amesimama pale pale, amelishika lile boksi kwa mikono miwili. Alitazama ukuta.

Nukta alichukua kishikwambi akatoka nacho koridoni, akakaa kwenye benchi la mbao chini ya dirisha. Hakuwahi kukishika. Alihangaika nacho mpaka kitabu kikafunguka, akapita jalada, akapita ukurasa ule wa kwanza ambao sasa ulikuwa safi, umepangika, nukta zote mahali pake, kazi yake mwenyewe. Akafika wa tatu. Herufi zilikuwa zimeachwa kubwa kama baba yake alivyozipenda, na sentensi ilijaza kioo kizima: *Mgonjwa aache dawa anapoona nafuu bila kumuuliza daktari.*

Aliisoma mara moja tu. Miaka yote ya kazi yake ilikuwa ya kuona kitu cha namna hiyo, na alikiona mara jicho lilipogusa. Ilitakiwa *asiache*. Silabi moja ilikuwa imeanguka, labda kidole kimeteleza, labda simu imejifanya inajua. Mtoto wa darasa la nne angepita bila kushtuka. Yeye asingepita. Angefunua karatasi mbili zaidi siku ile ya chakula cha mchana, angeitia *si* yake, akaendelea kutukana kwa raha zake, na baba yake angekuwa kitini uani akisoma vita vya baharini.

Dokta alikuja akasimama kando yake. Alikuwa amesoma kwa juu ya bega lake.

"Ni silabi moja, shemeji," alisema. Sauti haikuwa na utamu wowote.

"Najua ni ngapi."

Nukta alimngoja amwambie: uliletewa, ukakataa. Kama angesema hivyo, Nukta angekuwa na jibu, alikuwa nalo tayari, limenolewa. Lakini yule mtu hakusema. Alikaa upande wa pili wa benchi, akatoa simu akasema anakwenda kubadilisha faili, na dakika chache baadaye akasema amebadilisha. Hakuna kati yao aliyefarijika, maana wote wawili walikuwa ukumbini siku ile aliposema kwamba ukishakiachia huwezi kukikamata.

Kesho yake asubuhi walikaa kwenye meza ya chakula nyumbani kwa msusi, na kazi ikaanza. Nukta aliomba ruhusa kiwandani, jambo ambalo lilimshtua meneja kuliko mgomo. Kwanza alikisoma kitabu chote, kila ukurasa, kwa sauti, Dokta akiwa na kompyuta mbele yake. Kilikuwa kibaya kuliko alivyodhani, na alimwambia hivyo bila kumwonea haya. Palikuwa na sehemu ambapo mgonjwa alishauriwa kuosha miguu kwa maji yaliyochemka, na ilipaswa kuwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Mahali pengine kipimo cha asubuhi kilikuwa kimehamia usiku. Walipofika mwisho walikipeleka kwa yule daktari wa zamu, akakikatakata, akarudisha kilichobaki, na kilichobaki kilikuwa chembamba lakini cha kweli.

Kisha ikaja kazi ya kukimbiza kile cha kwanza. Dokta alifungua makundi aliyokitupa. Nukta alitazama orodha ikiteremka na kuteremka: majirani, madalali, waliosoma pamoja, wapenzi wa mpira, waombolezaji wa jirani aliyezikwa zamani, kundi ambalo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kujitoa. Dokta akaanza kuandika tangazo. *Habari njema wapendwa wasomaji! Toleo la pili, lililoboreshwa zaidi…*

Nukta alinyoosha mkono akafuta yote. Akaandika yeye, kwa kidole kimoja, polepole: *Kitabu hiki kina kosa la hatari. Ukurasa wa tatu unasema mgonjwa aache dawa. Si kweli. Mgonjwa asiache dawa. Aliyekiandika si daktari. Futa nakala uliyo nayo, na umwambie kila uliyemtumia.*

Dokta alisoma. Alisema yote anakubali, ila sentensi moja pale inaweza kuondolewa bila kuharibu maana. Haikuwa lazima kuuliza ni ipi. Alisema jina hilo ndilo kazi yake, ndilo wanafunzi wake wanalolifahamu, na kwamba aliyewahi kulielewa vibaya ni kosa lake mwenyewe. Alikuwa anarudi kuwa dalali, chumba kinachovuja kinageuka chemchemi mbele ya macho yao. Nukta alifungua mdomo ampe vidonge vyake.

Lakini aliyesema ni msusi. Alikuwa ameegemea mlango wa jikoni, taulo la saluni begani.

"Tuma," alimwambia mumewe. "Yule aliyeko hospitali ni baba yangu. Tuma kama ilivyo."

Akatuma.

Majibu yalikuja, na mengi yao yangemtia mtu kichaa. Wengine waliweka vidole gumba. Mmoja aliandika asante Dokta kwa elimu. Mwingine aliuliza semina ijayo ni lini. Fundi umeme alisema yeye alilipenda toleo la kwanza. Nukta alisema kwamba hawa ndio wale wasahihishaji alioahidiwa. Ndipo likaingia jibu la sauti, kutoka kundi la majirani wa zamani. Mwanamke muuza vitambaa. Alisema mumewe aliacha dawa tangu aliposoma kile kitabu, kwamba anasema yuko sawa lakini analala mchana kutwa, na je, afanye nini.

Dokta alianza kuandika jibu. Nukta akamwambia apige.

Alipiga, akaiweka simu mezani, wote wakasikia. Alimwambia ampeleke mumewe hospitali sasa hivi, asingoje kesho. Mwanamke akauliza kwa nini, kama ni Dokta mwenyewe ndiye aliyeandika.

"Mama, mimi si daktari," alisema. "Nilikuwa dalali wa nyumba."

Kisha yule mwanamke, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kuelewa, akauliza sasa ni kwa nini alijiita hivyo. Ulimi ule uliopangisha nusu ya mji haukupata neno. Simu ikakatika kutoka upande wa pili, na wakatumaini amekata ili awahi.

Aliwahi. Mumewe alilazwa, akatoka. Alituma ujumbe kusema hivyo, na baada ya hapo hakutaka tena mawasiliano. Wengine kama yeye wako wapi na ni wangapi, hawakujua, na hawangejua. Kitabu kilikuwa kimekwenda kwa watu waliowatumia watu.

Mzee alirudi nyumbani akiwa amepungua, mkanda umetobolewa tundu jipya. Nukta alisubiri wabaki wawili uani, akamwambia. Alimwambia kwamba mkwewe alimletea kitabu kile kabla hakijatoka, na yeye akasoma ukurasa mmoja, akamrudishia kwa sababu ulikuwa mbaya.

"Nilikuwepo," mzee alisema. "Ulikuwa mbaya sana?"

"Mbaya sana, baba."

"Hata mimi nilipofika wa pili nilitaka kuacha," mzee alisema. "Nikaendelea kwa heshima." Akaomba aletewe kishikwambi, kwa sababu kule baharini alikuwa ameacha meli inawaka moto.

Dokta alipotea kwa muda. Alirudi kuonyesha nyumba, suti ya bluu ikawa ya kwenda benki. Halafu, kama ilivyo kwa watu wa namna yake, akachipua. Tangazo jipya lilisema atafundisha umuhimu wa toleo la pili, kutokana na uzoefu wake mwenyewe, na Nukta alipolisoma dharau ilimbana hadi akalazimika kukaa. Alilisoma mara mbili akitafuta lile neno Dokta, hakulikuta. Shemeji alikuwa ameandika jina alilopewa na wazazi wake. Chini, kwa herufi ndogo, alikuwa ameongeza kwamba kila mswada utasomwa na msahihishaji mwenye uzoefu kabla haujatolewa. Hakuwa amemuuliza.

Nukta alikwenda hadi kwake kumgombeza, akamgombeza vizuri, hakuacha kitu. Alimwita mzigo wa ukoo. Alipomaliza aliondoka na miswada yote kwenye kishikwambi alichoazimwa, akawa anaisoma kwenye chumba chake nyuma ya ghala, baada ya kadi za harusi, herufi ameziacha kubwa ingawa hakukiri kwa mtu yeyote kwamba zinampumzisha.

Wa kwanza ulikuwa wa mama wa keki. Ulianza kwa sentensi ndefu juu ya upendo, isiyo na kitenzi, ikafuatwa na nyingine ya namna hiyohiyo. Nukta alitoa hewa puani. Akafunua ukurasa wa pili, wa tatu, akapita sukari guru, akapita unga uliotafsiriwa na simu kuwa vumbi, akaendelea hadi mwisho, hadi shukrani kwa majirani. Kisha akamwandikia mwenye mswada: *Nimesoma chote. Sura zote ni mbovu, lakini ya nne, pale unapofungua gesi kabla ya kuwa na kiberiti mkononi, itaua mtu. Tuanze na hiyo.*